Kemo na Kusahau: Lalamiko la Wagonjwa Lililochelewa Kuaminika

Mmezoea kunisikia nikizungumzia chanjo, uji wa lishe na vyandarua, lakini leo nitawasimulia historia. Huenda ukajiuliza muuguzi ana nini na historia. Kuna swali moja ambalo akina mama wa Amu, Shela, Matondoni, Faza na Kizingitini huniuliza kwa sauti ya chini ninapowatembelea majumbani, na jibu lake halieleweki vizuri mpaka turudi nyuma miaka mingi.

Swali lenyewe ni hili: "Dada, mgonjwa wetu tangu aanze dawa za saratani amekuwa si yeye. Je, akili yake inaharibika?"

Dawa hizo kwa jina la kitaalamu ni kemotherapia, ila wengi wetu tunaita kemo, nami nitasema kemo. Mama aliyekuwa akishona kofia za vito huku akizungumza na wageni, sasa anapoteza hesabu ya matundu na kufumua kazi ya siku nzima. Anaingia jikoni akasimama, hajui alifuata nini. Anamwita mtoto kwa jina la ndugu yake. Neno analolijua tangu utotoni linamkaa kwenye ncha ya ulimi lisitoke. Yuko katika swala, hajui kama ni rakaa ya pili au ya tatu, na jambo hilo humtoa machozi kuliko hata nywele zilizoanguka. Nyumbani nako maneno yanaanza. Mmoja anasema ni jini, mwingine anasema ni husuda ya jirani, wa tatu anasema anajitegeza tu ili asifanye kazi. Mgonjwa akisikia hayo hunyamaza, akawa anaficha.

Jibu fupi ni kwamba hali hiyo ipo kweli, ina chanzo chake mwilini, na si wazimu. Lakini hata madaktari wenyewe walichukua miaka mingi kukubali hivyo, na sababu ya kuchelewa kwao ndiyo historia yetu ya leo.

UBONGO USIOINGIA RANGI

Neno kemotherapia lilianzishwa na mwanasayansi wa Ujerumani aitwaye Paul Ehrlich, mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini kabla ya hapo, mnamo mwaka wa 1885, bwana huyu alikuwa akifanya majaribio ya kuwadunga wanyama rangi kwenye damu na kutazama inafika wapi. Rangi ilienea mwili mzima, kwenye ini, kwenye figo, kwenye misuli. Ubongo peke yake ukabaki mweupe. Mwaka wa 1913 daktari mwingine, Edwin Goldmann, akaitia rangi kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Mara hii ubongo ukashika rangi, na mwili uliobaki haukushika.

Ikawa wazi kwamba kati ya damu na ubongo upo ukuta. Mwenyezi Mungu ameweka mlinzi mlangoni, na si kila kinachopita kwenye damu kinaruhusiwa kuingia. Naomba uuweke ukuta huu akilini, kwa maana tutaurudia. Ndio uliowafanya madaktari wasiwasadiki wagonjwa wao.

VIDONGE VYA KLINIKI NA DAWA YA SARATANI

Sasa twende Bombay, mji ambao mabaharia wetu wa Amu waliujua kwa majahazi kabla ya kuujua Nairobi. Mnamo mwaka wa 1928 daktari wa kike kutoka Uingereza, Lucy Wills, alikwenda huko kuchunguza kwa nini wanawake wajawazito, hasa wale maskini waliofanya kazi katika viwanda vya nguo, walikuwa wakipungukiwa damu hadi kufa. Aligundua kwamba chakula kilichotengenezwa kwa hamira kiliwaponya. Ndani yake mlikuwa na kitu ambacho baadaye kilipewa jina la asidi ya foliki. Mama, hicho ndicho kidonge unachopewa kliniki ukiwa na mimba. Kila ukikimeza, mkumbuke Bi. Lucy.

Miaka ya 1940 huko Boston, Marekani, daktari wa watoto Sidney Farber alikuwa na wagonjwa wadogo wenye saratani ya damu. Wakati huo mtoto wa aina hiyo alikuwa hana tiba, akifa baada ya wiki au miezi michache. Farber aliona kwamba asidi ya foliki ilikuwa kama inauongezea nguvu ugonjwa, akawaza: je, tukiinyima saratani hiyo foliki? Mkemia mzaliwa wa India, Yellapragada Subbarow, pamoja na wenzake, wakamtengenezea dawa inayofanana na foliki kwa sura lakini inayoizuia isifanye kazi. Mwaka wa 1948 Farber alitangaza kuwa kati ya watoto 16 waliopewa dawa hiyo, 10 walipata nafuu. Haikudumu, ugonjwa ulirudi. Lakini ilikuwa mara ya kwanza mlango kufunguka.

Mdogo wa dawa hiyo anaitwa methotreksati, na bado anatumika mpaka leo. Mwaka wa 1956 huko Marekani, Min Chiu Li na Roy Hertz waliitumia kuponya saratani inayotokana na kondo la nyuma, ile inayompata mama baada ya mimba. Kwa hivyo miongoni mwa watu wa kwanza kabisa duniani kuponywa saratani kwa dawa pekee walikuwa wanawake wa kuzaa kama mimi na wewe.

Nieleze jambo moja hapa kabla sijasahau. Kwa kuwa methotreksati inapigana na foliki, mgonjwa anayeitumia asijiamulie kumeza vidonge vya foliki alivyobakisha jirani mwenye mimba. Wakati mwingine daktari mwenyewe huagiza foliki au dawa ya jamii hiyo, kwa saa zake na kipimo chake. Hilo ni la daktari.

Ipo pia njia ya pili iliyoleta kemo, nayo ni ya vita. Gesi ya haradali, silaha ya kuunguza watu, ilionekana kuzimaliza chembechembe nyeupe za damu kwa waliovuta sumu yake. Mwaka wa 1942 madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale walimdunga mgonjwa wa saratani ya tezi dawa iliyotokana na gesi hiyo, na uvimbe ukanywea kwa muda. Siipendi habari hii, lakini ni kweli, na inatueleza kwa nini kemo ni kali. Kazi yake ni kuua chembechembe zinazozaana haraka. Saratani huzaana haraka. Nywele, utando wa mdomo na damu pia huzaana haraka, ndiyo maana nazo huumia.

KAMPALA NA NAIROBI

Watu wengi hudhani dawa hizi zilikamilika Ulaya na Marekani, kisha zikaletwa kwetu zikiwa tayari. Si hivyo. Sehemu kubwa ya ujuzi wa kuponya saratani kwa dawa ulipatikana hapa Afrika Mashariki, kutoka kwa watoto wetu.

Mwaka wa 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto mwenye uvimbe kila pembe ya taya. Muda si mrefu akamwona mtoto mwingine wa namna hiyo huko Jinja. Akaanza kupekua kumbukumbu, na mwaka wa 1958 akaandika makala kuhusu ugonjwa huo, ambao sasa unaitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka wa 1961 alipanda gari kuukuu na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakasafiri kwa muda wa wiki 10 na mwendo wa zaidi ya kilomita 16,000, kutoka Uganda kupitia Tanganyika hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wameuona uvimbe huo. Waligundua kwamba ulipatikana sana katika nchi za joto na mvua, nchi za malaria, na haukuonekana sana kwenye milima ya baridi.

Upasuaji haukufaa kitu, kwani uvimbe ulikuwa ukikua kwa siku, si kwa miezi. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1960 dawa kama methotreksati na siklofosfamidi zilipojaribiwa. Kampala alikuwa Burkitt. Nairobi alikuwa daktari Peter Clifford, katika hospitali iliyoitwa King George VI, ambayo baada ya uhuru ikawa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Uvimbe uliokuwa ukimziba mtoto macho ulianza kupungua baada ya siku chache. Burkitt mara nyingi alitoa dozi chache tu, kwa kuwa hakuwa na maabara ya kupima damu kila siku, na wazazi walitaka kurudi shambani. Hata hivyo baadhi ya watoto hao hawakuugua tena.

Mwaka wa 1967 kilifunguliwa kituo maalumu Mulago, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere, serikali ya Uganda na taasisi ya saratani ya Marekani. Mkuu wake wa kwanza alikuwa kijana Mmarekani, John Ziegler. Mwaka wa 1972, Uganda ikiwa chini ya Idi Amin, Ziegler aliondoka na Mganda Charles Olweny akashika usukani. Mwaka huohuo Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa madaktari waliopewa tuzo ya Lasker kwa kazi ya kemo. Kituo hicho ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo. Mimi humpa heshima kubwa Profesa Olweny na wauguzi wa wakati ule, kwani kutoa tuzo ni rahisi kuliko kuiweka wadi wazi nchi ikiwa katika msukosuko.

Dawa moja waliyoitegemea inaitwa vinkristini, na mmea inakotoka unaufahamu. Ni lile ua dogo jeupe au la rangi ya waridi, lenye petali tano, asili yake Madagaska, linalostahimili mchanga na chumvi na kuchanua mwaka mzima katika nyumba za pwani. Majani yake ndiyo yaliyotoa dawa hiyo, iliyoruhusiwa kutumika Marekani mwaka wa 1963. Lakini tafadhali sana, usichume majani hayo ukamchemshia mgonjwa. Hospitali hutumia kiasi kidogo mno kilichopimwa na kusafishwa, na hudungwa kwenye mshipa wa damu. Majani ya kuchemsha nyumbani ni sumu. Hata ile ya hospitali hufanya vidole kufa ganzi kwa muda, na ndiyo sababu nyingine inayomfanya mshonaji wa kofia aangushe sindano. Hapo si akili, ni neva za vidole.

SARATANI ILIPOJIFICHA NYUMA YA UKUTA

Sasa turudi kwenye ule ukuta wa ubongo.

Mulago waliona jambo la kusikitisha. Mtoto anapona taya, anacheza, kisha baada ya majuma anarudi akiwa na jicho lisilofunga au miguu isiyo na nguvu. Saratani ilikuwa imejificha kwenye ubongo na uti wa mgongo, mahali ambapo dawa iliyodungwa kwenye damu haifiki ya kutosha. Ziegler na wenzake walieleza hali hiyo na wakawa wanatia methotreksati moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo, kwa sindano ya kiunoni. Mama, ukiona mwanao amelazwa kwa ubavu, amekunjwa kama kamba na kudungwa mgongoni, usiogope ukamtoa wodini. Dawa inapitishwa mlango wa nyuma kwa kuwa wa mbele umefungwa.

Wakati huohuo huko Memphis, Marekani, daktari Donald Pinkel na wenzake walikuwa wakiwatibu watoto wa saratani ya damu kwa dawa nyingi pamoja, sindano za mgongoni na mionzi ya kichwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 takriban nusu ya watoto hao walikuwa wakipona. Furaha ilikuwa kubwa. Kisha watoto walikua, wakaenda shule, na walimu wakaanza kusema: huyu ni mzito wa hesabu, huyu hakumbuki somo la jana, huyu anachelewa kumaliza kuandika. Uchunguzi ulionyesha kwamba mionzi ya kichwa, hasa kwa watoto wadogo, ilikuwa na mchango mkubwa katika hali hiyo. Polepole madaktari wakaipunguza, na kwa watoto wengi wakaiacha kabisa, wakategemea dawa.

Kwa watoto, basi, jambo lilikubaliwa mapema, kwa sababu dawa na mionzi vilielekezwa kichwani wazi wazi. Lakini kwa watu wazima, mathalani mama mwenye saratani ya titi anayedungwa mkononi, madaktari walisema: dawa haivuki ukuta, kwa hivyo haiwezi kugusa ubongo. Mgonjwa akilalamika kuwa anasahau, aliambiwa ni huzuni, ni woga wa kifo, ni umri, ni kukoma hedhi. Aliambiwa ashukuru kwamba yu hai.

Nataka utulie hapo kidogo. Jirani anayesema "anajitegeza" na daktari aliyesema "ni huzuni tu" walikuwa wakisema kitu kimoja. Tofauti ni koti jeupe.

WALIOANZA KUSIKILIZA

Mwaka wa 1980 daktari wa magonjwa ya akili huko Marekani, Peter Silberfarb, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya kuwapima wagonjwa wa saratani uwezo wa kufikiri. Waliokuwa wakipata kemo walionekana kuwa na udhaifu, na huzuni peke yake haikutosha kuueleza. Makala hayo hayakuvuma sana. Ilibidi kungoja miaka ya 1990, wakati wanawake wengi zaidi waliotibiwa saratani ya titi walipokuwa wanaishi muda mrefu, wakarudi kazini, wakakuta kichwa hakiko kama kilivyokuwa, na wakakataa kunyamaza.

Mwaka wa 1998 watafiti wa Amsterdam, Uholanzi, wakiongozwa na Frits van Dam, waliwapima wanawake takriban miaka miwili baada ya matibabu. Katika kundi la waliopata kemo kali sana, asilimia 32 walikuwa na udhaifu wa kumbukumbu na fikra. Katika kundi la kemo ya kawaida walikuwa asilimia 17. Waliotibiwa bila kemo walikuwa asilimia 9. Ngazi hiyo, kadiri dawa inavyozidi ndivyo udhaifu unavyozidi, ilifanya iwe vigumu kuendelea kusema ni huzuni.

Utafiti mkubwa zaidi ulitoka Marekani mwaka wa 2017, ukiongozwa na Michelle Janelsins. Waliwapima wanawake 581 wenye saratani ya titi, kabla na baada ya kemo, na kuwalinganisha na wanawake 364 wasio na saratani. Baada ya kemo, takriban 45 katika kila 100 walisema kichwa kimepungua nguvu, ilhali kwa wasio na saratani walikuwa 10 tu. Miezi sita baadaye walikuwa wamepungua hadi takriban 37, kwa 14 wa kundi la pili. Tazama hesabu hiyo vizuri: zaidi ya nusu hawakupatwa na shida hiyo, na wengine waliopatwa walianza kurudi.

Na ule ukuta je? Siku hizi inajulikana kwamba si imara kama ilivyodhaniwa. Dawa nyingine hupenya kidogo. Nyingine hazipenyi, lakini huchochea mwilini kemikali za uvimbe ambazo hufikisha habari mbaya kwenye ubongo. Mwaka wa 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiongozwa na Michelle Monje, waliwapa panya methotreksati, wakaona chembechembe za ulinzi ndani ya ubongo zikibaki na hasira miezi mingi baada ya dawa kwisha. Hasira hiyo iliharibu kazi ya kuzifunika nyaya za neva. Ukitaka kuelewa, fikiria waya wa stima uliochubuka mpira: umeme unapita, lakini kwa taabu. Bado ni panya, si binadamu, kwa hivyo hakuna kidonge cha kukuandikia leo kutokana na habari hiyo.

Lingine lililojulikana miaka ya 2000 ni kwamba baadhi ya wagonjwa huonyesha udhaifu huo hata kabla ya kemo kuanza. Kumbe saratani yenyewe, upasuaji, upungufu wa damu, kukosa usingizi, dawa za maumivu, dawa za kuzuia homoni na wasiwasi, vyote vina fungu lake. Huzuni nayo imo. Kosa la madaktari wa zamani halikuwa kuitaja huzuni, bali kuifanya ndiyo sababu pekee.

NYUMBANI KWAKO

Mgonjwa wetu akitoka Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, amesafiri zaidi ya kilomita 300 kwa basi, amevuka kutoka Mokowe kwa boti, hajalala vizuri, pengine ametapika njiani. Siku mbili tatu za kwanza usimpime akili. Mpe maji, chakula na kitanda. Akizidi wiki akiwa bado na ukungu kichwani, andika kwenye daftari anayosahau na siku ilipoanza, uende nalo kliniki. Omba damu ipimwe, kwani upungufu wa damu unatibika na huenda ndio unaomchosha kichwa.

Jambo linalonitia hofu kuliko yote ni vidonge. Mgonjwa anayesahau anaweza kumeza mara mbili, na vidonge vingine vya kemo, methotreksati ikiwemo, mara nyingi humezwa mara moja kwa wiki na si kila siku. Duniani watu wamekufa kwa kosa hilo. Kwa hivyo vidonge viwe mkononi mwa mtu mmoja mwenye akili timamu, binti au mke mwenza au shangazi, na kila kinachomezwa kitiwe alama kwenye kalenda ya ukutani palepale. Kwa dawa za kila siku adhana ni saa nzuri, hasa Alfajiri na Isha.

Moto na mafuta ya karai asiachiwe peke yake, lakini usimwondolee kazi zote. Mpe moja, aimalize, kisha nyingine. Kutembea jioni ufukweni kunasaidia, na tafiti zinaunga mkono mazoezi mepesi ya namna hiyo. Kofia ya vito aanze na muundo rahisi. Kuhusu swala, hayo si ya muuguzi, lakini nimesikia masheikh wetu wakifundisha kwamba ipo sijda ya kusahau. Mwulize sheikh wako amweleze mgonjwa mwenyewe, kwa sauti ya upole, ili roho yake itulie.

Wanaotaka kumsomea dua wamsomee, nami siwazuii. Ninaomba mawili tu. Kwanza, tarehe ya kemo isiahirishwe kwa ajili ya mganga. Pili, kama ni kombe, lioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kwenye sahani safi, kwani chembechembe nyeupe za damu zimeshuka na maji ya kisima yanaweza kumlaza.

Ikiwa ni mtoto aliyetibiwa saratani ya damu, mwambie mwalimu wa shule na mwalimu wa chuo pia. Asipigwe kwa kuwa amesahau sura aliyoihifadhi jana. Akae mbele, apewe muda zaidi, arudie kidogo kidogo.

Yaliyobaki si ya kungoja. Kusahau kwa kemo huja polepole. Mgonjwa akichanganyikiwa ghafla, akaweweseka, asimjue mwanawe, akashikwa na kifafa, akaumwa na kichwa kikali na kutapika, akalegea upande mmoja wa mwili, au joto la mwili likafika digrii 38, hiyo ni dharura. Huenda ni maambukizi, huenda chumvi ya damu imeshuka, huenda ni dawa yenyewe, na yote yanahitaji hospitali usiku huohuo. Kwa walio Pate, Siyu, Faza, Kizingitini na Ndau, msingoje siku hiyo ndipo mtafute chombo. Zungumzeni na nahodha mapema, muwe na nambari yake ya simu na ya mwenzake, na mjue saa za maji kukupwa, kwa maana boti ikikwama mchangani hamtafika King Fahd mpaka maji yajae tena.